Ya dukani, ya uani, makavu au ya bandia: maua gani kwa sikukuu ipi

Mama yangu wa Tanga haamini ua lisilonukia. Mama mkwe wangu wa Marangu haamini ua lisilofika Mwaka Mpya. Mimi nakaa Dar es Salaam, katikati yao, na nina meza moja ya sebuleni ambayo kila mwaka lazima ipambwe Idi mbili, Pasaka na Krismasi. Nyumba yetu ni ya mchanganyiko. Watoto wanakula Idi kwa bibi mmoja na Krismasi kwa bibi mwingine, na wageni wa sikukuu zote wanapita kwangu.

Miaka michache iliyopita nilinunua mafungu mawili ya mawaridi mekundu tarehe 22 Desemba. Nikayapanga, nikajipongeza, nikayaweka mezani pembeni ya beseni la embe dodo alizoleta shemeji. Asubuhi ya Krismasi vichwa vyote vilikuwa vimeinama kama wafiwa. Nilimnung'unikia muuzaji moyoni karibu mwezi mzima, hadi nilipokuja kujua kwamba kosa lilikuwa la embe, na aliyeziweka pale ni mimi.

Tangu hapo nimejaribu njia nne za kupamba, kwa sikukuu tofauti, na nimeacha kuuliza maua gani ni mazuri. Siku hizi naanza na kalenda: sikukuu inakuja lini, inanipa taarifa ya siku ngapi, na pambo linatakiwa lisimame kwa muda gani.

Njia nne na vipimo vyake

Ya kwanza ni maua ya kukata ya dukani: mawaridi, kaneshoni, krisanthemamu na yungiyungi yanayoshuka mjini kutoka nyanda za juu, Arusha kwa upande wetu na Naivasha kwa upande wa Kenya. Ya pili ni maua na majani ya uani, yaani asumini, bogenvilia, franjipani, mrehani, makuti mabichi, isale na chochote ambacho jirani atakuruhusu kukata. Ya tatu ni makavu: maua yaliyokaushwa, mashuke ya mtama, nyasi ndefu, vifuu vya mbegu, makonyo ya karafuu. Ya nne ni ya bandia, ya plastiki au kitambaa, unayoyapata Kariakoo, Darajani au Eastleigh.

Zote nazipitisha kwenye vipimo vilevile: siku za kujiandaa, joto na unyevu, harufu, gharama, kazi ya mikono, usalama wa waliomo nyumbani, na kinachobaki sikukuu ikipita. Uzuri sijauweka kwenye mizani kwa sababu kila mtu ana macho yake, na mama mkwe ana yake.

Siku za kujiandaa

Krismasi unaijua tangu Januari. Pasaka inahama, lakini haivuki mipaka yake: itaangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na tarehe ipo kwenye kalenda ya ukutani. Idi kubwa ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu, kwa hiyo mwezi ukishaandama unabakiwa na siku kama tisa za kujipanga. Yenye shughuli ni Idi ya Mfungo Mosi. Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani watu wote wako nje wanatazama magharibi, na hakuna anayejua kama kesho ni Idi au ni kukamilisha siku ya thelathini. Hebu mwagize muuza maua kwa siku isiyojulikana!

Kwa Idi hiyo ya uani hayana mpinzani. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado vitumba vimefumba, hutungwa kwa uzi na sindano, na hufunguka yenyewe usiku unapoingia. Mama huchuma alasiri ya siku ya 29 kwa kubahatisha. Mwezi ukionekana, nyumba inaamka Idi ikiwa inanukia. Usipoonekana, asumini ile inapamba sinia la futari, na kesho yake mti una vitumba vingine. Hakuna hasara, hakuna simu ya kumbembeleza mtu. Makuti mabichi nayo ni hivyohivyo, yanakatwa usiku huohuo na asubuhi yameshasukwa upinde mlangoni.

Ya dukani yanataka taarifa. Kwa Krismasi agiza mapema, kisha uyapokee tarehe 23 au 24, si 20. Kwa Idi ya Mfungo Mosi nunua tarehe 28 au 29 ya Ramadhani, uchague vichwa vilivyofumba, uyaweke kwenye ndoo ya maji mahali pa baridi, wengi wetu ni sakafu ya bafuni, na usiyapange hadi mwezi utangazwe. Pasaka ina tabia yake. Kanisa Katoliki halipambi altare kwa maua wakati wa Kwaresma, isipokuwa Jumapili ya Laetare, yaani ya nne ya Kwaresma, na siku chache kubwa, halafu Jumamosi Kuu kila mtu anataka maua meupe kwa wakati mmoja. Ukienda sokoni Jumamosi hiyo mchana utachagua kilichobaki.

Makavu yanahitaji wiki mbili hadi tatu za kuning'inia kichwa chini, mahali penye giza na hewa. Kwa Krismasi, anza mwishoni mwa Novemba. Ya bandia hayaombi siku hata moja, yako kwenye boksi juu ya kabati, na umeme ukikatika usiku wa kuamkia sikukuu bado utayapanga kwa tochi.

Hapa niseme kidogo juu ya poinsetia, ule mmea wa chungu wenye majani mekundu, kwa sababu kila Desemba kuna anayeniuliza kwa nini wake wa bustanini haujawa mwekundu. Asili yake ni Mexico, na kile chekundu ni majani. Maua yenyewe ni vile vidude vidogo vya njano katikati. Mmea huo hugeuka rangi usiku ukiwa mrefu. Huko kaskazini ya dunia usiku mrefu ni wa Desemba. Huku kwetu, kusini ya ikweta, Desemba ndiyo yenye usiku mfupi na Juni ndiyo yenye usiku mrefu, kwa hiyo wako wa bustanini utawaka katikati ya mwaka, wakati Krismasi haipo hata kwenye mazungumzo. Ukitaka wa Desemba, nunua uliokwisha kuwa mwekundu kwenye kitalu, au uufunike kitambaa cheusi kila jioni kwa wiki kadhaa. Mimi sina subira hiyo.

Joto, unyevu na embe

Waridi la dukani ni mtoto wa baridi. Ziwa Naivasha liko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na Arusha nako usiku watu wanajifunika blanketi. Ukilileta Dar Desemba, wakati wa kaskazi, nyuzijoto zimepita 30, basi limetoka friji limeingia jikoni. Kwangu mawaridi hukaa siku tatu, nne nikiyahudumia. Mafungu ya namna ileile nikiyapeleka Marangu yanafika wiki na zaidi bila mtu kuhangaika. Kama uko Nairobi, Mbeya au Lushoto, chukulia kwamba kila ninachosema kuhusu ya dukani kwako ni nafuu.

Huduma yenyewe si siri. Kata shina kwa mshazari, ondoa kila jani litakalozama majini, weka kijiko cha chai cha sukari na matone machache ya jiki kwa kila lita. Sukari ni chakula cha ua. Jiki inaua bakteria wanaoziba mirija ya shina. Badilisha maji kila siku au baada ya siku moja, na kila ukibadilisha kata kidogo tena. Usiyaweke chini ya feni. Na usiyaweke karibu na matunda: embe, ndizi na mapapai yakiiva hutoa gesi iitwayo ethilini, huioni wala huinusi, na ndiyo inayoyazeesha maua. Kaneshoni huumia zaidi ya yote. Sasa fikiria kwamba Desemba ni msimu wa embe na hakuna nyumba isiyokuwa na beseni.

Ya uani yamezaliwa kwenye joto hilohilo, lakini mengi hayapendi kukatwa. Ua la haibiskasi huishi siku moja tu, liwe majini au lisiwe, kwa hiyo lichume asubuhi ya sikukuu na uliweke popote, hata juu ya kitambaa cha meza bila chombo. Bogenvilia hunyauka upesi ikisimamishwa chomboni. Ichume vichwa vichwa uvieleshe kwenye bakuli pana la maji, pamoja na franjipani. Mkrismasi, ule mti wenye asili ya Madagaska unaowaka mwekundu barabarani mwishoni mwa mwaka hadi tukaupa jina la sikukuu, ukikatwa tawi humwaga petali zake sakafuni. Mimi nauacha mtini niutazame dirishani.

Kinachodumu uani ni majani. Mvinje wa pwani unasimama vizuri badala ya msonobari, na majani ya isale yanakaa majini wiki kadhaa bila kulalamika. Ila kwa isale uwe na adabu. Kwa Wachaga jani hilo ni la amani na la kuombea msamaha, mtu hulipeleka kwa aliyemkosea. Mara ya kwanza nilipojaza chombo kizima kwa isale, mama mkwe aliniuliza taratibu, "Mwanangu, umemkosea nani?"

Makavu hayaogopi joto, yanaogopa unyevu. Dodoma yatakaa mwaka; Tanga, Unguja na Mombasa wakati wa masika yanaota ukungu na kuingia wadudu usipokuwa mwangalifu. Yakaushe kiangazi, yahifadhi kwenye boksi lenye karafuu kavu chache ndani, na uyatoe siku yenyewe. Pasaka nyingi zinaangukia ndani ya masika, kwa hiyo kwa mtu wa pwani makavu ni pambo la Krismasi zaidi kuliko la Pasaka.

Ya bandia adui yake ni jua la dirishani, linalogeuza jekundu kuwa la waridi lililochoka, na vumbi. Zaidi ya hapo hayana taabu.

Harufu

Hapa mama yangu ana haki yake yote. Mawaridi ya biashara yamechaguliwa kizazi hadi kizazi kwa shina refu, kichwa kigumu na uwezo wa kuvumilia safari ya ndege hadi kwenye mnada wa Uholanzi. Harufu iliachwa njiani. Fumba macho uyanuse, utasikia majani tu. Yungiyungi la dukani ni kinyume chake, linanukia kiasi kwamba kwenye chumba kidogo chenye kiyoyozi wageni wengine huanza kushika vichwa.

Ya uani ndiyo yenye ufalme. Asumini, kilua, langilangi, mrehani na petali za waridi la nyumbani vikifungwa pamoja ni kikuba, na kikuba hakikuumbiwa kifua na nywele peke yake. Kiweke juu ya kisahani kando ya vikombe vya kahawa, kingine juu ya mto chumbani kwa wageni. Ufukize udi kwanza, uache moshi utulie, ndipo ulete asumini. Ukivileta pamoja udi unaimeza. Ndugu zetu wa Oman humalizia kwa kunyunyiza maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar, na mwenye mrashi wa bibi kabatini asiuache ukae bure.

Makavu hunukia ukiyachanganya na viungo: makonyo, vijiti vya mdalasini, maganda ya machungwa yaliyokauka. Ya bandia hayanukii, basi. Kuna wanaoyapulizia manukato, nami nilishawahi. Manukato yanaisha saa mbili, mafuta yanabaki, vumbi linanata. Afadhali chetezo pembeni, mbali kidogo.

Gharama

Bei za maua zinapanda na kushuka, hasa karibu na 14 Februari, kwa hiyo nakupa hesabu badala ya bei: gawa ulicholipa kwa siku ambazo pambo litakaa mezani. Tuseme shada la bandia ni shilingi 60,000 na utalitoa wiki mbili kila Krismasi kwa miaka mitano. Hizo ni siku 70, sawa na kama shilingi 860 kwa siku. Mawaridi ya shilingi 20,000 yakikaa siku nne ni shilingi 5,000 kwa siku. Inaonekana mchezo umekwisha, lakini fanya hesabu ya kweli ya nyumba yako: ukichoshwa na shada lile baada ya Krismasi mbili na kununua jingine, siku moja imekugharimu zaidi ya shilingi 2,100. Najua watu wenye maboksi matatu ya maua ya bandia juu ya kabati, na kila Desemba wanarudi Kariakoo.

Ya uani gharama yake ni maji, na ujirani. Makavu ni karibu bure ukiyakausha mwenyewe, lakini ukiyanunua yamepangwa tayari yanaweza kukushangaza.

Kuna njia ya katikati ambayo ndiyo naitumia zaidi: majani ya uani yawe wingi, ya dukani yawe machache. Mawaridi matano ndani ya mvinje na mrehani yanajaza meza kuliko ishirini yaliyosimama peke yake kwenye jagi.

Kazi ya mikono na vifaa

Ya dukani yanataka mtu wa kuyaangalia kila siku, na yanataka kitu cha kuyashikilia. Wengi hutumia lile sponji la kijani, lililobuniwa Marekani mwaka 1954. Ukilitumia, liweke juu ya maji uliache lizame lenyewe. Ukilikandamiza, hewa inabaki katikati na shina litakalofika pale litakufa kwa kiu huku limezungukwa na maji. Sponji hilo ni plastiki na halitumiki mara nyingi, kwa hiyo mimi nimehamia kwenye kipande cha wavu wa kuku kilichokunjwa kama mpira na kutiwa ndani ya chombo. Kinashika vizuri na kinarudi kazini kila sikukuu. Mchanga wa mto ulioloweshwa ndani ya bakuli zito nao unafaa kwa mashina mafupi.

Kipimo kimoja cha meza ya chakula, kwa njia zote nne: weka kiwiko mezani, unyooshe mkono juu ukunje ngumi. Pambo lisipite ngumi. Watu wamekuja kula na kutazamana, hawakuja kuchunguliana vichakani.

Ya uani kazi yake ni ya saa moja lakini ni saa ya usiku, na kutunga asumini kunataka mikono mingi. Ndiyo raha yake pia. Mabinti, shangazi na majirani wanakaa juu ya mkeka, ungo katikati, na habari zote za mwaka zinapita pale. Kama unaishi peke yako na unatoka kazini saa moja jioni, usijitese.

Makavu ni mepesi kupanga ila yanakatika, yafunge kwa kamba ya katani badala ya waya. Ya bandia wengi wanayapanga vibaya kwa sababu hawayapangi, wanayachomoa kwenye nailoni na kuyasimamisha yalivyo. Pinda kila shina, fungua kila petali kwa kidole, mengine yainame, moja lielekee chini. Yaoshe kwa maji ya sabuni laini wiki moja kabla. Ukiyachanganya na majani halisi ya mvinje, hata mama yangu huchukua dakika kumi kabla ya kukunja uso.

Watoto, paka na mbu

Kipengele hiki watu hukiruka. Chombo chenye maji ni nyumba ya mbu wa dengi, anayependa maji safi ya ndani, na Dar imeshaonja milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na 2019. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja au siku kumi. Ukibadilisha maji kila siku mbili na kusugua chombo, humpi nafasi. Hatari ni chombo kinachosahaulika baada ya sikukuu, na kisahani cha chini ya chungu cha poinsetia.

Kama una paka, usilete yungiyungi ndani. Hata vumbi lake la njano paka akijilamba linaweza kuharibu figo zake. Kwa maua ya uani, chunga oliandra, ile yenye maua ya pinki kwenye nyua nyingi: mmea wote ni sumu, usiuweke kwenye meza ya chakula wala mahali mtoto anafika. Utomvu wa franjipani na wa poinsetia unawasha ngozi. Maua ya dukani yamepigwa dawa shambani, kwa hiyo petali zake zisiguse pilau wala keki. Makavu na ya bandia hatari yake ni moto: mshumaa na chetezo viwe mbali, sana sana kwa makavu, yanashika kama makuti ya paa.

Sikukuu ikipita

Ya uani na ya dukani yanarudi udongoni, ukishatoa utepe na waya. Mawaridi yaliyoanza kuchoka usiyatupe: yaning'inize kichwa chini kabla hayajainama, na Krismasi ijayo unayo makavu bila kununua. Makavu yenyewe yakichakaa, yavunjevunje kwenye bustani. Ya bandia ndiyo yenye swali gumu. Tanzania Bara iliiaga mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini shada la plastiki lililopauka halina pa kwenda zaidi ya jalala. Kama umeyanunua, heshima yake ni kuyatumia miaka mingi.

Nani achukue nini

Ya dukani yanamfaa anayekaa penye baridi, au mwenye sikukuu ya siku mbili tatu anayetaka rangi moja iliyopangika na yuko tayari kuyahudumia. Ya uani yanamfaa mwenye ua, mwenye watu wa kusaidiana, na yule ambaye kwake sikukuu bila harufu haijafika. Makavu ni ya mwenye kupanga mapema, na ya nyumba isiyo na unyevu mwingi. Ya bandia yanamfaa anayesafiri, mwenye mzio wa chavua, mpangaji asiye na uani, na mtu ambaye pambo lake linasimama wiki tatu bila mkono kuligusa.

Ukiwa pwani na unangojea mwezi wa Idi, tegemea asumini na makuti, na kama unataka rangi ongeza mawaridi machache uliyoyaficha kwenye ndoo. Kwa Idi kubwa siku tisa zinatosha kuagiza ya dukani, ila kumbuka nyumba itajaa nyama, moshi na watu, hivyo weka pambo dogo na la chini.

Kwa Pasaka ya masika, maua meupe ya dukani yaagizwe kabla ya Jumatano ya Wiki Takatifu, na matawi ya mnazi yaliyobaki Jumapili ya Matawi, kama padri ameshayabariki, yawekwe ukutani kwa heshima, si kwenye chombo cha mapambo.

Unafunga nyumba mjini tarehe 20 Desemba kwenda Moshi na utarudi tarehe 3? Usiweke chochote chenye maji. Bandia au makavu nyumbani, na mawaridi uyabebe kwenye basi uyapeleke kwenye baridi yake, umfurahishe mama mkwe. Unabaki mjini na unapokea wageni kuanzia mkesha hadi Mwaka Mpya? Tengeneza msingi wa mvinje na isale chache utakaodumu, kisha badilisha maua tu: matano ya Krismasi, matano mengine ya tarehe 31. Beseni la embe liende jikoni.

Una watoto wadogo wanaovuta kitambaa cha meza, panda juu: shada la mlangoni la makuti au makavu, na meza ibaki na bakuli la plastiki lenye maji kidogo na petali.

Na wageni wakipiga simu kwamba wako kituoni, wanakuja na bajaji, na wewe hujaweka hata jani, toka nje na sahani ya bati. Okota franjipani zilizodondoka asubuhi ambazo hazijapata doa, zieleshe majini, uiweke karibu na mlango wanakovulia viatu.